Kuhusu Shati Kuwa Jike na Sidiria Kuwa Dume

Kwa Mkuu wa Chuo cha Lugha,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa vizuri, maana mimi naiandika nimesimama. Meza imejaa mashuka ya watu na kiti changu kinakausha soksi. Mimi ni mama wa yule binti wa darasa la jioni, la Kifaransa cha mwanzo, anayekaa safu ya mbele na daftari lake linanukia sabuni ya unga. Kazi yangu ni udobi. Mtaani wananiita Mama Pasi, na hata wewe ukiniita hivyo nitaitika. Shule niliiacha mapema nikaingia kwenye povu, kwa hiyo nikikosea kuandika nisamehe. Malalamiko yenyewe usiyasamehe, yashughulikie.

Nianze na shukrani, nisije nikaonekana sina adabu. Nakushukuru wewe na chuo chako kwa kutufungua macho. Humu ndani tulikuwa tunaishi kama vipofu. Tumekula juu ya meza miaka nenda miaka rudi, tukimwekea sufuria la moto mgongoni, bila kujua kwamba ni mwanamke mwenzangu. Nani angetuambia? Sasa tumejua, na tangu tujue hakukaliki. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu vyombo vyangu kutafutiwa jinsia

Mwalimu wako wa Kifaransa, yule kijana mpole mwenye shingo ndefu na shati lisilopigwa pasi (nimeliona, na limeniuma), amewafundisha wanafunzi kwamba Kifaransa hakikubali kitu kitajwe hivi hivi. Kila kitu lazima kitanguliwe na kineno kidogo, kama bwana mkubwa anavyotanguliwa na dereva wake. Kikiwa cha kiume kinapewa le au un. Kikiwa cha kike kinapewa la au une. Sawa, kila nyumba na sheria zake, mimi sina ugomvi. Ila akaongeza kwamba njia rahisi ya kuyashika ni kufunga alama kwenye vitu vya nyumbani, buluu kwa dume na nyekundu kwa jike, kwa uzi au chochote ulicho nacho. Na binti yangu, ambaye nikimtuma chumvi anarudi na kiberiti, hili alilishika neno kwa neno.

Niliporudi kutoka dukani nikakuta nyumba imevishwa nyuzi kama inakwenda kuolewa. Mlango, jike. Dirisha, jike. Kiti, jike. Kisu dume, uma jike, nikauliza kwani wote si wanachoma? Akaniambia, "Mama, usiulize kwa nini, shika tu." Haya, nikashika. Pasi yangu akaifunga buluu, yaani dume. Hiyo sikuibishia hata kidogo, kwa sababu inapata moto haraka na ukiiacha peke yake inaharibu nguo za watu.

Kisha akamwendea baba yake, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi, akamfunga uzi mwekundu kidevuni. Ndevu ni jike, Ndugu Mkuu. Ndevu! Mume wangu amezilea tangu ujana, amekataa kuzikata hata nilipomlilia. Aliamka akajitazama kwenye kioo, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyepokea majibu ya hospitali, "Mama Pasi, wewe ulikuwa unajua?" Mpaka leo anajishika kidevu akidhani hatumwoni. Chuo chako kina mshauri wa mambo kama haya, au mnafundisha tu na kuondoka?

2. Kuhusu ndoo

Nilidhani ukishajua dume na jike umemaliza. Kumbe huo ulikuwa utangulizi. Nimeelezwa, na nimesikia kila jioni nikiwa napiga pasi na binti akisoma kwa sauti, kwamba kitu kikitajwa mara ya kwanza hakina heshima. Ni un au une, yaani kitu fulani tu, kimetokea huko kinakotoka. Kikishafahamika ndipo kinapandishwa cheo, kinakuwa le au la, yaani kile chenyewe, kinachojulikana na watu.

Sasa nikisema, "Niletee ndoo," binti ananijibu, "Ndoo fulani, mama, au ile ndoo?" Tuna ndoo moja. Ina ufa, mpini wake ni wa waya, na majirani wanaitambua kwa mlio. Haijawahi kuwa ndoo fulani hata siku tuliyoinunua. Wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye ndiye anayefunga nguo zilizo tayari na kuzipeleka kwa wateja, hana subira ya kuazima. Akamwambia, "Lete ndoo wewe, la sivyo utakula kofi, halafu ndiyo utueleze kama ni kofi fulani au ni lile kofi."

Binti akafikiri, tena akafikiri kwa makini, akasema, "La kwanza litakuwa kofi fulani, shangazi. La pili ndiyo lile."

Wifi akakaa chini. Sijawahi kumwona amekaa chini katikati ya kazi. Nakupongeza, mwalimu wako amefanya ambalo ndoa mbili za wifi zilishindwa.

3. Kuhusu mkasa wa nguo

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo wateja wangu walipoingizwa.

Katika udobi wetu kila mteja ana rangi yake. Nguo ikiingia tunaifunga uzi kwenye tundu la kifungo au pindoni, na uzi huo ndio jina lake mpaka irudi kwa mwenyewe. Hatubandiki karatasi, karatasi inalowa. Uzi haujawahi kutudanganya. Fundi saa wa barabara ya juu, mtu mkimya mwenye mke msemaji, uzi wake ni buluu. Karani wa mahakama, mwanamke anayeishi peke yake na anayejiheshimu mpaka mbwa wanampisha njia, uzi wake ni mwekundu. Umeshaanza kuona ninakoelekea? Heri yako. Mimi sikuona.

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kununua sabuni. Nguo za hao wawili zilikuwa zimeshanyooshwa, zimepangwa mezani, kila moja na uzi wake. Binti akaziangalia akaona mazoezi. Akazifungua nyuzi zangu zote akazifunga upya kwa kufuata Kifaransa, akikusudia kuzirudisha kabla sijafika. Mara akakumbuka kwamba darasa linaanza, akakimbia. Darasa lako, Ndugu Mkuu, linaanza kwa wakati. Nalo hilo nalipongeza.

Sasa sikiliza Kifaransa kinavyosema. Shati la mwanamume, lenye kola ya mwanamume na jasho la mwanamume, ni jike. Tai ni jike. Soksi ni jike. Blauzi ya mwanamke, yenye maua na vifungo vya lulu, ni dume. Na naomba radhi kumwandikia hivi mtu wa cheo chako: sidiria ni dume. Hao waliokaa kikao wakaamua hivyo, kulikuwa na hata mmoja aliyeoa?

Wifi akaingia akakuta kazi iko tayari. Wifi haangalii nguo, anaangalia uzi. Ukimfungia mbuzi uzi wa buluu atampeleka kwa fundi saa akiwa amekunjwa. Akafunga mafurushi mawili, akaondoka zake.

Karani wa mahakama alifunguliwa furushi lake mlangoni, majirani wakiwa wanachota maji, akakabidhiwa mashati ya mwanamume, tai za mwanamume na soksi za mwanamume, vyote vimenyooshwa vizuri. Mwanamke ambaye hata fundi bomba anaongea naye akiwa nje ya geti! Wachota maji waliacha mifereji ikimwagika.

Kwa upande wa fundi saa, furushi lilifunguliwa na mkewe. Alinijia na ile sidiria ameining'iniza kwenye ncha ya kidole. "Haya dobi, niambie. Mwenye kifua hiki ni nani?"

Nikamwambia, "Mama, hicho si kifua, hicho ni Kifaransa."

"Kifaransa gani kina lesi?"

Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake kama saa alizoletewa kutengeneza. Suruali zake tu ndizo zilizofika salama, na hizo hakuna aliyezishukuru.

Ilibidi nimshike binti mkono, twende nyumba zote mbili, akaeleze mwenyewe na daftari lake. Kwa karani tulisamehewa, baada ya kusimama sana. Kwa fundi saa binti alifundisha somo zima pale kizingitini, un hii, une ile, kwa upole kabisa, mpaka mimi mwenyewe nikaona ana kipaji. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka akamtazama mumewe toka kola mpaka pindo. "Kwa hiyo mashati yako yote ni ya kike?" Binti, ambaye hajui kunyamaza ukweli unapoulizwa, akasema ndiyo, yote. Wale hawafui tena kwangu.

4. Kuhusu majibu niliyopewa na mwalimu

Sikukurupuka kukuandikia wewe. Nilimfuata kwanza mwalimu mwenyewe, pale chini kwenye ngazi zenu zinazonukia rangi mpya. Nilimuuliza kwa heshima ni nani aliyemtuma kutenganisha vitu visivyokuwa na ugomvi. Akatabasamu, akaniambia, "Lakini mama, mbona na sisi tuna ngeli?"

Nikamwambia, baba, mimi sina ngeli, mimi nina watoto watatu na mashine ya kufulia iliyokufa.

Akasema, "Si unasema kiti hiki, meza hii, mti huu, tunda hili?" Nikamwambia hizo si ngeli, huko ni kuongea tu. Sijawahi kuona mtu anafungwa uzi ili aseme mti huu. Akacheka mpaka akashika ukuta. Sikuona cha kuchekesha. Kama ni mfano wa namna wanafunzi wanavyojibiwa hapo chuoni, uuchunguze.

Alipomaliza kucheka akanieleza jambo lililonimaliza nguvu. Akasema vitu vikiwa vingi, tofauti ya dume na jike haionekani tena kwenye hivyo vineno. Wote wanaitwa les, basi. Kumbe walikuwa wanaweza! Kumbe dawa ilikuwepo tangu mwanzo wameifungia kabatini! Ndugu Mkuu, mimi ni mtu wa kutafuta suluhu, na nikaona suluhu ni hiyo. Wafundisheni watoto kutaja vitu vingi vingi tu. Mtu akitaka shati aombe mashati. Akipewa mengi ni faida yake. Mwalimu akasema, "Na mtu akiwa na mama mmoja tu?" Niliaga nikaondoka.

5. Kuhusu jambo lenyewe

Naona nimezunguka sana, kama mtu anayepiga pasi pembeni pembeni akiogopa kugusa doa. Acha niliguse.

Binti yangu anataka kuwa mkunga. Alianza kulitaja hilo akiwa bado anang'oka meno, tukadhani litapita kama yalivyopita mengine. Halikupita. Kuna chuo cha ukunga ng'ambo ya mpaka, huko wanakoongea hicho Kifaransa chao, na kimemkubali. Sharti ni moja: apeleke cheti cha Kifaransa cha mwanzo chenye sahihi yako. Mtihani wa kuongea ni Alhamisi. Akifaulu, anaondoka. Kumbe zile nyuzi zote zilikuwa za kufungia sanduku, na mimi nilikuwa nagombana na ndoo.

Tena nimeuliza, nimeambiwa kwamba kwenye mtihani wa wanaoanza, hizo le na la, un na une, ndizo zinazoangusha wengi. Maneno yenyewe watoto wanayashika, vineno vya mbele vinawatoroka. Wangu havimtoroki. Nimemsikiliza. Anavitaja kama anahesabu vidole vyake.

Sasa nikuulize, wewe mtu msomi. Hapa mwanangu ni yule. Akipita, muuza mkaa anasema yule binti wa dobi. Ni yule anayeogopa radi mpaka leo. Yule asiyekula vitunguu, yule anayecheka kabla hajamaliza kusimulia, halafu ukimuuliza kinachochekesha amekisahau. Watu walichukua muda mrefu kumjua hivyo, na wengine aliwatapikia. Kule atashuka kwenye gari akiwa msichana fulani. Ataanza upya na une, kama ndoo ya dukani. Akiumwa, ameumwa msichana fulani. Akilia chooni, kuna msichana fulani analia chooni, pita tu. Nani huko atampandisha cheo? Na itachukua muda gani? Mwalimu wako anasema mara ya pili ukitajwa unakuwa la. Mimi nimeishi kwenye mtaa huu, najua kwamba watu hawafuati hiyo sheria.

Kwa hiyo maombi yangu rasmi ni kama ifuatavyo. Ikiwezekana, uwaandikie wenye lugha yao uwaambie tumevijaribu hivyo vineno kwa nia njema, vimetukosesha wateja, wavitoe. Naamini hawajui kama kuna watu vinawasumbua. Ikishindikana, funga darasa la jioni kwa ukarabati, ukuta mmoja nimeuona una ufa. Na hilo nalo likishindikana, basi naomba kwa unyenyekevu umfelishe binti yangu.

Sitaki umfelishe vibaya. Usimwandikie maneno makali. Maneno yake mengine yote mpe alama anazostahili, asije akavunjika moyo. Mpunguzie tu hapo kwenye le na la, alama chache, za kumbakiza nyumbani. Hasara haitakuwepo. Hapa mtaani wanawake wanazaa, tena bila kuulizwa jinsia ya kitanda. Akitaka kusaidia watu atawasaidia hapa hapa, kwa lugha isiyofunga mtu uzi kidevuni, na jioni atakuwa kwenye kochi lake karibu na pasi yangu.

Najua utasema si haki. Ndugu Mkuu, shati kuwa jike ni haki?

Nisikuchoshe. Msalimie mwalimu, mwambie alete hilo shati lake nilinyooshe, sina kinyongo na nguo. Wasalimie wanafunzi wa safu ya nyuma, ambao nasikia hawajashika chochote, na uwape pongezi wazazi wao. Msalimie mama anayefagia ngazi zenu na wale wa duka la vioo. Mume wangu anakusalimu, ila ameomba nisitaje ndevu, na nimeshazitaja.

Ni mimi, kwa heshima zote na mikono yenye povu,

Mama wa binti wa safu ya mbele.

Nyongeza: Barua hii nimechelewa kuileta na kuchelewa huko kumeniponza. Mimi siwezi kuandika bila kutamka, na chumba chetu kimegawanywa kwa pazia. Binti alisikia yote. Alhamisi akaenda kwenye mtihani, akarudi ametulia kupita kiasi, akavaa aproni yangu akaanza kukunja mashuka. Nikamuuliza umejibuje. Akasema, "Nimeacha vile vineno vyote, mama. Kila nilichoulizwa nimekitaja hivi hivi. Si umetaka nibaki? Nimebaki." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata usingizi.

Ndugu Mkuu, nani alimwambia anisikilize? Tangu nimzae hajawahi kunisikiliza, aje aanzie Alhamisi! Nilimwangalia akikunja yale mashuka. Anakunja vizuri. Atayakunja vizuri mpaka awe mzee kama mimi, na hatanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo siliwezi. Alichokifanya si kushindwa, ni utii, na utii wenyewe ameukosea wakati. Anavijua vyote. Mwulize tena. Mwulize mimi nikiwa mbali, hata ukipenda nikiwa nimefungiwa huko kwenye duka la vioo.

Tumekaa hapa kwenye benchi nje ya ofisi yako, yeye na mimi. Huko juu usisome, au kama umeshasoma, chukulia ni dobi mwingine. Ameniambia mama, usiende, nikamwambia nakwenda kumgombeza mwalimu, ndipo akakubali kunifuata ili amtetee. Mwite ndani upesi, kabla sijabadili mawazo tena.